Mzaliwa, Mwenyeji, Raia

Mmezoea kuona katika kurasa hizi uhakiki wa vitabu. Leo tunataka kuhakiki maandiko ya namna nyingine, yaani sheria za inchi yetu juu ya uraia. Labda mmoja atauliza: Je, sheria nayo huhakikiwa kama kitabu cha hadithi? Twajibu: ndiyo. Sheria ni maneno, na maneno yana mwandishi wake, yana maana yake, tena yana makosa yake. Tofauti ni moja tu. Kitabu kibaya hufungwa na kuwekwa kando. Lakini sheria mbaya haifungiki, humfuata mtu hata mlangoni kwake.

Sababu iliyotusukuma ndiyo hii. Kijana mmoja wa hapa Fungurume alikuja kwetu kuomba nakala ya jina lake katika kitabu cha Ubatizo. Babu yake aliandikwa kazi na Union Minière huko Rwanda mwaka 1927, akaletwa Katanga kuchimba shaba. Baba yake alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Yeye mwenyewe alizaliwa Fungurume, alibatizwa Fungurume, ameoa Fungurume, na mama yake amezikwa Fungurume. Alikuwa amekwenda katika ofisi fulani kutafuta cheti cha uraia. Wakamwuliza: «Kijiji chako cha asili ni kipi? Sultani wenu ni nani?» Akajibu: «Fungurume.» Wakamwambia: «Hapo ni mahali ulipozaliwa tu, sisi tunauliza asili.» Akarudi mikono mitupu. Akatuuliza: «Mwalimu, basi mimi ni wa wapi?»

Siku ile hatukuwa na jibu. Tukaona haya, kwani kazi ya mwalimu ni kujibu. Ndiyo sababu tulizitafuta sheria, tukazisoma moja moja, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tuyapime maneno yenyewe, kwa kuwa mengi huharibika katika kuchanganya maneno. Kiswahili chetu kina majina matatu. Mzaliwa ni yule aliyezaliwa mahali fulani; hakuchagua, wala hakuna awezaye kumwondolea, kwani mtu hawezi kuzaliwa mara ya pili mahali pengine. Mwenyeji ni mwenye mji. Neno hili linasema habari ya kukaa, ya kujulikana, ya kuwa na jirani anayekujulia hali ukiugua. Raia ni neno lililotoka kwa Waarabu, na maana yake ya kwanza ni kundi linalochungwa. Kwa hiyo raia ni mtu aliye chini ya ulinzi wa serikali fulani, naye aweza kuidai imlinde. Haya ni mambo matatu. Mtu aweza kuwa nayo yote pamoja, na watu wengi wanayo, hata hawajui kwamba ni matatu. Ila yule kijana anayo mawili ya kwanza bila la tatu. Ni mzaliwa, ni mwenyeji, lakini hakuna serikali inayomwita wake.

Watu wa namna hii mataifa yamewaandikia mkataba huko New York tarehe 28 Septemba 1954. Mkataba ule husema kwamba mtu asiye na taifa ni yule ambaye hakuna dola yoyote inayomhesabu kuwa raia wake kwa kuifuata sheria yake. Angalieni vizuri: hausemi kwamba mtu huyo hana kwao, wala hausemi kwamba hana kabila. Husema tu kwamba sheria zote, kila moja kwa upande wake, zimempita bila kumwona.

Sasa tusome za kwetu. Katiba ya tarehe 1 Agosti 1964 ilisema kwamba Mkongo ni mtu ambaye mmoja wa wazee wake wa zamani ni, au alikuwa, wa kabila au sehemu ya kabila lililokaa katika Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Siku ile ndiyo siku ya sheria ya Wabelgiji ya kuitawala Kongo kama koloni yao. Msomaji wa Kinshasa aweza kuipita tarehe hiyo bila kusimama. Msomaji wa Katanga hawezi. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910. Shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911. Maana yake, karibu kila mtu aliyetoka ng'ambo ya mpaka kuja kufanya kazi katika migodi yetu, awe wa Rhodesia ya Kaskazini, awe wa Angola, awe wa Ruanda-Urundi, alifika baada ya 1908. Ni wachache mno walioweza kufika kabla, kwa kuwa kazi kubwa yenyewe ilikuwa haijaanza. Mlango ulifungwa kwanza, halafu watu wakaitwa.

Na tarehe hiyo haikukaa mahali pamoja. Mwaka 1971 amri ya Rais ilisema kwamba watu waliotoka Ruanda-Urundi, waliokuwa wamekaa Kongo siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, wahesabiwe kuwa Wakongo toka siku ile. Hapo baba yake yule kijana alikuwa raia. Lakini furaha haikumaliza mwaka. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 ikachukua nafasi ya ile amri, na kifungu chake cha 15 kikasema habari ya wale tu waliokaa katika jimbo la Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Kivu! Katanga haikutajwa. Mtu aliyetoka kilima kimoja na ndugu yake, mmoja akaenda Masisi kulima, wa pili akaenda Jadotville kuchimba. Yule wa kwanza akapata taifa, wa pili akakosa. Tena huyu wa pili huenda ndiye aliyetangulia kufika.

Kisha sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikarudisha kipimo nyuma zaidi, hata tarehe 1 Agosti 1885. Na mwaka 1982 amri nyingine ikavifuta vyeti vilivyotolewa kwa kifungu kile cha 15, kana kwamba havikuandikwa kamwe. Ndipo wale wa Kivu nao wakarudi gizani. Mambo yaliyofuata huko Kivu toka 1993, na vita vya 1996, mnayajua. Hatusemi kwamba sheria peke yake ndiyo iliyovileta, lakini tunasema kwamba mtu aliyenyang'anywa jina lake kwa karatasi huanza kulitafuta kwa njia nyingine.

Mhakiki mwema hakosoi tu, huonyesha kosa liko wapi. Kosa la sheria hizi ni kwamba zinajifanya kuona kitu cha asili, kumbe zinachagua tarehe. Tuchukue mfano wa jirani zetu wa karibu kabisa. Bunkeya na Fungurume ziko katika territwari moja ya Lubudi. Wayeke wa Bunkeya ni Wakongo wa asili, na hakuna mtu mwenye akili atakayekataa. Lakini mfalme wao Msiri alitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Alifika huku katika karne ya 19 kama mfanya biashara, akajenga ufalme, akauawa tarehe 20 Desemba 1891. Na siku ile ya 1 Agosti 1885, ambayo sheria ya 1981 imeifanya kuwa kipimo, hakuna afisa hata mmoja wa Dola la Leopold aliyekuwa amefika Bunkeya. Paul Le Marinel alifika mwaka 1891. Mpaka ulichorwa juu ya karatasi huko Ulaya, na watu waliokutwa ndani ya mchoro wakawa Wakongo bila kuambiwa.

Hatusemi haya kuwaondolea Wayeke kitu. Mungu apishe mbali! Tunasema kinyume chake. Kama watu waliotoka Unyamwezi wameweza kuwa wenyeji halisi wa Katanga, hata masultani wake, basi kuja toka mbali hakumzuii mtu kuwa wa asili. Kati ya mjukuu wa yule aliyefuata pembe za ndovu na mjukuu wa yule aliyeletwa kwa ajili ya shaba, tofauti ni miaka tu. Na miaka huhesabiwa na mtu mwenye kalamu.

Tufike sasa kwenye sheria inayotumika hata leo, ya tarehe 12 Novemba 2004. Ni haki kuisifu kwanza, kwa kuwa ni bora kuliko zilizoitangulia. Imeacha 1885 na 1908, ikashika siku ya uhuru. Kifungu cha 6 husema kwamba Mkongo wa asili ni kila mtu aliye wa makundi ya kikabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya inchi iliyokuwa Kongo wakati wa uhuru. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 10, imelishika neno hilohilo la watu na ardhi.

Lakini someni tena: watu na ardhi. Sheria haimtazami mtu. Inatazama kundi lake. Na kundi nalo halitazamwi peke yake. Linaulizwa ardhi yake. Tena orodha ya makundi yenyewe haimo katika sheria. Basi nani atakayeamua? Ni karani aliye nyuma ya meza. Ndiyo maana karani yule aliuliza kijiji na sultani. Hakukosea kusoma, alisoma sawasawa kama sheria ilivyoandikwa. Mchimbaji aliyeletwa na gari moshi hakuja na kijiji chake mgongoni. Kijiji chake kilikuwa kambi, na sultani wake alikuwa msimamizi wa kambi.

Kuna jambo la kushangaza zaidi. Kifungu cha 8 husema kwamba mtoto mchanga aliyeokotwa katika Kongo, ambaye wazazi wake hawajulikani, huhesabiwa kuwa Mkongo. Kifungu chema, chenye huruma, nasi twakipigia makofi. Lakini kiwekeni karibu na habari ya kijana wetu. Mtoto akiokotwa leo kwenye stesheni ya Fungurume, bila jina, bila baba, ni Mkongo toka saa ileile. Lakini mtoto ambaye baba yake anajulikana, na babu yake anajulikana, na jina limeandikwa katika vitabu vya kazi na vya Kanisa tangu vizazi vitatu, huyo anaambiwa alete kijiji. Asiyejulikana anapewa, anayejulikana ananyimwa. Hapo sheria imejifunga mguu kwa kamba yake yenyewe.

Tena kifungu cha 9 humhesabu kuwa Mkongo mtoto aliyezaliwa hapa na wazazi wenye hali ya watu wasio na taifa. Ni mlango mzuri sana. Lakini nani kati ya majirani zetu amewahi kwenda kuomba karatasi ya kushuhudia kwamba hana inchi? Mtu huomba cheti cha kile alicho nacho; haombi cheti cha kile anachokosa. Na sheria hiyohiyo inamruhusu mtoto aliyezaliwa Kongo na wazazi wageni kuomba uraia kwa maandiko akitimiza miaka 18. Hii nayo ni njia, tena tumemwonyesha kijana wetu. Akanyamaza kitambo, akasema: «Mwalimu, nikiandika hivyo, nitakuwa nimetia sahihi kwamba baba yangu alikufa mgeni.» Hatukumlaumu.

Wengine watatujibu: «Aende Rwanda basi.» Tuwasikilize, kwani si neno la kipumbavu. Katiba ya Rwanda ya 2003 ilisema kwamba watu wenye asili ya Rwanda na wazao wao wana haki ya kupewa uraia wakiomba. Lakini kuwa na haki ya kuomba si sawa na kuwa raia. Yule ambaye aweza kuomba huku na huko, leo hii si wa huku wala si wa huko. Tena hajapata kuiona Rwanda, hajui njia ya kilima alichotoka babu yake, na lugha anayoota nayo usiku ni Kiswahili cha Katanga.

Wengine watasema: «Kama kuzaliwa tu kunatosha, wageni watatwaa inchi yote.» Hofu hiyo twaielewa. Sisi wa mkoa wa shaba tunajua jinsi mali ya ardhi inavyovuta watu, na jinsi mwenyeji anavyobaki na vumbi. Lakini kuna njia katikati. Ufaransa, kwa mfano, mtoto aliyezaliwa huko na mzazi ambaye naye alizaliwa huko ni Mfaransa toka kuzaliwa. Si kuzaliwa mara moja kwa bahati, bali vizazi viwili mfululizo. Mtu aliyepita njia hapati. Aliyeota mizizi anapata. Kwa kipimo hicho kijana wetu angekuwa Mkongo bila kubishana na karani.

Tutazame na majirani. Huko Kenya Wamakonde waliotoka Msumbiji waliitwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani. Walikaa miongo mingi bila vitambulisho. Mwezi wa Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, na serikali ikaamuru waandikwe kuwa raia; mwaka uliofuata wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Tunaifurahia habari hiyo. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuona jambo hili: ili wawe raia, iliwapasa kwanza wawe kabila. Mlango ulifunguliwa, lakini ni ulele wa zamani. Mtu mmoja asiye na kabila la kuhesabiwa angebaki nje.

Lakini tusidanganyike kwamba karatasi peke yake huokoa. Hapa Katanga tumeona mfano mchungu. Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Hakuna sheria hata moja, ya 1964, ya 1972 wala ya 1981, iliyowanyima uraia. Walikuwa Wazaïre kamili, wengi wao wazaliwa wa huku, watoto wa wachimbaji walioletwa na Union Minière ileile. Wakaitwa wadudu. Mamia ya maelfu walilazimika kuacha nyumba na kazi. Walilala siku nyingi katika stesheni wakingojea gari moshi la Kasai, na wengine walikufa wakingoja. Reli hiyo hupita hapa Fungurume, kisha Tenke. Wazee wetu waliyaona mabehewa yakipita, yamejaa watu hata juu ya paa, na wanatueleza kwamba wengine walipeleka maji na wengine walipiga vigelegele.

Basi tunajifunza nini? Kijana wetu ni mwenyeji asiye raia. Wale wa Kasai walikuwa raia waliokataliwa kuwa wenyeji. Pande zote mbili ugonjwa ni mmoja: kumwuliza mtu babu yake alizikwa wapi kabla ya kumwuliza yeye anaishi vipi na jirani zake. Na ugonjwa huo haujapona. Mwaka 2021 uliwekwa mbele ya Bunge mradi wa sheria uliotaka Rais wa Jamhuri awe mtu ambaye baba na mama wote wawili ni Wakongo. Wengi waliusoma kama mshale kwa Moïse Katumbi, gavana wa Katanga wa zamani, ambaye baba yake alitoka kisiwa cha Rhodes. Hatuandiki habari ya vyama. Kila mtu na kura yake. Tunahakiki maneno tu. Maneno hayo yanagawanya raia kuwa wa nusu na wa nzima, na kisu kikishaanza kukata hakijui pa kukoma. Leo ni mzazi mmoja, kesho ni babu mmoja.

Wazee wa Waswahili walikuwa na sheria fupi kuliko zote tulizosoma: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ya tatu mfukuze. Hawakusema ya tatu mchunguze ukoo. Jembe ni kazi, na kazi ni mlango wa kuingia katika mji. Babu yake yule kijana alipewa jembe mwaka 1927, jembe la chuma la kuchimbia shaba, na shaba aliyoitoa imekwenda ikajenga miji ya watu wengine. Mwanawe akalipokea jembe, na mjukuu naye amelishika. Mkono wa vizazi vitatu umechubuka juu ya mpini mmoja. Sasa twaambiwa kwamba bado ni mgeni. Basi siku ya tatu ni lini?

Bunge peke yake ndilo liwezalo kusahihisha sheria. Lakini kuna jambo tuwezalo sisi, tena leo. Mtoto aliyezaliwa yampasa kuandikwa katika kitabu cha serikali kabla ya siku 90 kupita, na kuandikisha huko ni bure. Zikipita, lazima kutafuta hukumu ya baraza, na hapo gharama na safari huanza. Sisi makatekista tumezoea kuwauliza wazazi: «Mtoto atabatizwa lini?» Tuongeze swali la pili: «Ameandikwa serikalini?» Tukiri pia kosa letu. Wengi wetu tuliridhika na kitabu cha Ubatizo, tukadhani kinatosha. Hakitoshi. Kitabu chetu chaweza kushuhudia kwamba mtu alizaliwa. Hakiwezi kumfanya raia.

Yule kijana alirudi wiki iliyopita kuchukua nakala yake. Tuliiandika kwa mkono ulio wazi, pamoja na jina la baba yake na mahali alipozaliwa, na jina la babu yake kama wazee wa kambi walivyotushuhudia. Atakwenda nayo tena ofisini, na mmoja wetu atakwenda naye kama shahidi. Kwa swali lake tumempa jibu, ingawa si jibu la kifungu chochote: wewe ni wa Fungurume. Limebaki serikali nayo ilijue.